Kujua Kuanguka: Somo la Kwanza la Judo na Aikido



Leo katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze habari ya kuanguka. Wazazi wengi tulioko nje, Uingereza, Marekani, Uholanzi mpaka nchi za Ghuba, tunawapeleka watoto wetu kwenye judo na aikido. Ukumbi upo mtaani, ada si kubwa sana, na mtoto akitoka huko huwa kachoka, analala mapema. Lakini kila mzazi anayesimama pale mlangoni siku ya kwanza ana swali lile lile: mtoto ataumia? Jibu ni kwamba inategemea jambo moja kuliko mengine yote, nalo si nguvu za mtoto wala ukali wa mwalimu. Inategemea kama amefundishwa kuanguka kabla hajaanza kuangushwa.

Wajapani wanauita ustadi huu ukemi. Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili, kupokea na mwili. Maana yake mtu anaupokea mwereka kwa mwili wake. Hawakusema kuukwepa wala kuukataa, wamesema kuupokea, na ndani ya neno hilo mna nusu ya mafunzo. Katika mazoezi ya watu wawili, anayeangusha huitwa tori na anayeangushwa huitwa uke, kisha wanabadilishana. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, mtoto wako atatumia karibu nusu ya wakati wake akiwa yeye ndiye anayekwenda chini. Baba anayesema "mwanangu nimempeleka akajifunze kuwaangusha wenzake" ameona nusu ya mchezo tu.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mtu mwenye umbo dogo, na skuli wenzake walikuwa wakimwonea, ndipo akatafuta walimu wa jujutsu. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mwalimu wake wa mwanzo, mzee Hachinosuke Fukuda, alipoulizwa mwereka fulani unapigwaje hakutoa maelezo. Alimwita Kano, akamwangusha. Kano akauliza tena, akaangushwa tena. Maneno yakabaki hayakusemwa na mwili ukajifunza. Mwaka 1882 Kano akafungua skuli yake, Kodokan, kwenye hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akaiondoa ile mitindo ya hatari na kuufanya mchezo unaoweza kufanywa kila siku bila watu kuvunjana. Aikido nayo ni ya Morihei Ueshiba, aliyeishi kuanzia 1883 mpaka 1969. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964 huko huko Tokyo. Na kwetu Unguja watu wameijua judo tangu miaka ya 1990 kupitia Mjapani mkaazi wa huko, Tsuyoshi Shimaoka, kwa hiyo baadhi yenu mnaosoma hapa mmekwisha kulala juu ya ile mikeka na mnajua ninachokisema.

KWA NINI MTU HUUMIA AKIANGUKA

Binadamu akianza kuanguka mwili wake hufanya mambo matatu bila kumuuliza. Unanyoosha mkono kuutafuta mchanga. Unakakamaa. Na pumzi inazuiwa. Yote matatu ni mabaya.

Mkono ulionyooshwa hupokea uzito wote wa mwili mahali padogo, kwenye kiganja. Kutoka hapo nguvu inapanda, na inavunja pale inapokuta pepesi: kifundo cha mkono, au kiwiko, au inafika juu kwenye mtulinga, au bega linachomoka. Madaktari wa mifupa wanazijua ajali hizi vizuri mno, na wakimuona mtu kaingia kashika mkono wake kifuani huwa wameshakisia. Ule mvunjiko wa kifundo cha mkono unaoitwa wa Colles, kwa jina la daktari wa Ireland Abraham Colles aliyeueleza mwaka 1814, kwa kawaida hutokana na mtu kujikinga kwa kiganja.

Kukakamaa nako kunafanya mwili uanguke kama gogo, kipande kimoja, na kichwa kikiwa mwisho wa gogo ndicho kinachopiga kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyengine. Mtu akikukanyaga kwa kiatu cha kisigino kirefu na akikukanyaga kwa kandambili, uzito ni ule ule lakini maumivu hayafanani. Nguvu ikishuka mahali padogo huvunja, ikitandazwa mahali papana hupungua makali. Pia ikishuka kwa ghafla huvunja, ikishuka kidogo kidogo mwili huimudu. Ukemi yote imejengwa juu ya mambo hayo mawili: kuitandaza nguvu na kuirefusha. Na juu ya hayo liko la tatu linalopita yote, kichwa kisiguse chini.

KUANGUKA NYUMA

Hili ndilo la kwanza kufundishwa, na mwalimu anayeliruka usimkabidhi mtoto. Linaanza mtu akiwa tayari amelala chali juu ya mkeka. Anavuta kidevu kifuani na kutazama fundo la mkanda wake. Anainua mikono mbele ya kifua kisha anapiga mkeka kwa mikono yote miwili kwa pamoja, kuanzia kiganja mpaka karibu na bega, viganja vikitazama chini, mikono ikiwa imeachana na mbavu kiasi cha nusu ya pembe mraba au pungufu kidogo. Mikono ikifunguliwa sana mpaka usawa wa mabega, bega linaumia. Ikibanwa na mbavu, mtu ataulalia mkono wake mwenyewe.

Akiizoea hiyo, anafanya akiwa amekaa kitako. Halafu akiwa amechutama. Mwisho akiwa amesimama, na hapo lazima ashuke kwanza kama anayekwenda kukaa kwenye kigoda, matako yafike karibu na visigino, ndipo ajiviringishe nyuma, mgongo ukiwa umepinda kama mgongo wa mtumbwi. Anayejitupa nyuma kutoka juu bila kukunja magoti ameikosa, hata kama kishindo chake kilikuwa kikubwa na kila mtu akageuka kumtazama.

Hatua hizi zinachosha. Watoto wanataka kuangushana, na wazazi waliolipa pesa wanataka kuona mieleka. Wiki ya tatu baba anakuja kuuliza kwa nini mwanawe bado analala chini na kupigapiga mkeka. Ndugu yangu, muache apige. Shingo ya mtoto bado haina nguvu, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Kukishika kichwa kisirudi nyuma wakati mwili unagonga chini ni kazi ya misuli ya mbele ya shingo, na misuli hiyo haipati nguvu kwa maelezo. Kuna zoezi dogo unaloweza kumfanyisha nyumbani juu ya zulia: mpe soksi iliyokunjwa aishike baina ya kidevu na kifua, kisha ajiviringishe nyuma na mbele akiwa ameshika magoti yake. Soksi ikidondoka, kidevu kimeachia. Wanalipenda kwa sababu ni kama mchezo, na mzazi anaona kwa macho yake kama mtoto kafahamu.

Watu wengi wanauliza kwa nini ule mkono unapigwa kwa nguvu. Wengine hudhani ni madoido. Mkono unaopiga pamoja na mgongo unaongeza eneo linalopokea uzito. Zaidi ya hapo unapata kazi ya kufanya, kwa hiyo hauendi nyuma kujikinga. Na mtu akipiga hutoa pumzi, jambo linalomzuia asikakamae. Mpumuo uwe wa kutoka, siku zote. Aliyeanguka na pumzi kifuani anajua ilivyo: dakika nzima unatafuta hewa huipati.

KUANGUKA UBAVU NA KUBIRINGIKA MBELE

Katika judo mieleka mingi humtua mtu ubavu. Hapo anapiga kwa mkono mmoja, ule wa upande anaoangukia, na mkono wa pili unabaki umeshika nguo ya mwenziwe au umewekwa tumboni. Miguu isipandane wala magoti yasigongane. Kosa linaloonekana sana ni mtu kuiweka miguu pamoja, kifundo cha mguu mmoja kikapiga juu ya kifundo cha mwengine, na hilo linauma kuliko mwereka wenyewe.

Kubiringika mbele ndiko kunakopendwa zaidi kwenye aikido. Na hapa nawaomba sana mtofautishe na kichwangomba cha watoto ufukweni. Kichwangomba kinapita juu ya kichwa na kushuka kwenye uti wa mgongo. Kubiringika kwa ukemi hakupiti kwenye kichwa kabisa. Mkono unapinda kama nusu duara, mwili unaingia kwa ukingo wa mkono, unapanda kwenye bega, unakata mgongo kwa mshazari na kutokea kwenye nyonga ya upande wa pili. Bega la kulia, nyonga ya kushoto. Kichwa kimegeuzwa na kufichwa, jicho likitazama kwapa la upande wa pili. Ukimaliza mazoezi ya siku na una alama nyekundu kwenye uti wa mgongo au kwenye ncha ya bega, unapita njia siyo. Mwambie mwalimu akutazame.

Anayeanza ajifunze akiwa amepiga goti moja. Watu wazima wengi wa umri wa miaka 40 na zaidi wanaoingia aikido huona aibu kubaki kwenye goti wakati vijana wanaruka. Aibu hiyo haina maana. Mabega ya mtu aliyekaa ofisini au kwenye usukani wa teksi miaka 15 yamekaza, na yanahitaji miezi kabla hayajakubali kuwa gurudumu.

WAJIBU WA ANAYEANGUSHA

Nusu ya usalama wa anayeangushwa iko mikononi mwa mwenziwe, na sisemi kwa mfano. Katika judo, tori humshika mwenziwe mkono wa nguo, na akishampiga mwereka anauvuta ule mkono juu mwishoni. Kule kuvuta kunapunguza kasi, kunamgeuza uke atue ubavu, na kunakinyanyua kichwa. Tori akiuachia, au akiangukia juu ya mwenziwe kwa uzito wake wote, hata uke hodari ataumia. Kano alifundisha kwamba mchezo uwe wa manufaa ya pamoja, wewe na mwenzako. Kwenye mkeka fundisho hilo lina uzito wa kilo na kasi.

Ukienda kuangalia darasa, basi usimtazame mwanao peke yake. Mtazame anayemwangusha. Je, anauvuta mkono? Anasimama imara baada ya mwereka au anadondoka naye? Mwenye kilo 70 amewekwa na mwenye kilo 40? Mwenye mkanda wa rangi anamwangusha mgeni kwa taratibu, au anajifurahisha?

Uke naye ana wajibu wake. Asishindane na mwereka uliokwisha kufanikiwa. Mtu akiwa tayari yuko hewani halafu anajipinda ili asionekane kaangushwa, au anapeleka mkono chini kujizuia, hapo ndipo viwiko vinapotoka. Vijana wetu wa kiume wana shida hii kuliko wengine, kwa kuwa wamelelewa kwamba kuangushwa ni fedheha. Wafahamishwe mapema kwamba ndani ya darasa hakuna aliyeshindwa, na mwenye ukemi nzuri ndiye anayetafutwa na kila mtu afanye naye mazoezi.

Jambo dogo kwa wasichana wanaovaa mtandio: usifungwe kwa pini. Pini kwenye kichwa cha mtu anayebiringika ni sindano inayotafuta mahali pa kuingia. Upo mtandio wa kuvaa wa kitambaa cha kuvutika unaokaa bila pini. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia aliingia mashindano ya judo akiwa amefunika kichwa, baada ya wakubwa wa mchezo kukubaliana juu ya vazi lisilo na hatari. Ama suala la kuinamiana kabla ya mazoezi, ambalo wazazi Waislamu wanaliuliza sana, hilo si la daktari, muulizeni sheikh wenu. Kwenye kumbi nyingi ukizungumza na mwalimu kwa adabu mapema mtaelewana.

MAMBO YA KICHWA

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Huko huko Japani, nchi yenye walimu wengi wa judo kuliko tunavyoweza kuhesabu, watoto wamekufa. Mtafiti Ryo Uchida alikusanya kumbukumbu za skuli na kuonyesha kwamba kuanzia 1983 mpaka 2011 wanafunzi zaidi ya 110 walifariki kutokana na judo ya skuli. Mwaka 2010 wazazi wa walioumia na waliofariki wakaunda chama chao. Uchunguzi mwengine wa madaktari wa Japani, uliotazama ajali kubwa zilizoripotiwa kwenye shirikisho la judo baina ya 2003 na 2010, ulikuta 30 za kichwa na 19 za shingo. Wengi wa walioumia kichwa walikuwa chini ya miaka 20, na wengi wao hawakuwa wameucheza mchezo kwa muda mrefu. Walikuwa wageni wa mkeka.

Mwereka uliotajwa sana ni osoto-gari, ule ambao tori anaufyeka mguu wa mwenziwe kutokea nje na kumsukuma nyuma moja kwa moja. Kwa anayetazama ni mwereka mwepesi, na ndiyo maana wanaoanza hufundishwa mapema. Lakini unamtupa mtu chali, haoni anakokwenda, na kama kidevu chake hakijajua kazi yake, kisogo ndicho kinachofika.

Na si lazima kichwa kigonge ndipo mtu aumie. Ubongo unaelea ndani ya fuvu, na kuna mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando mgumu wa juu. Kichwa kikitikiswa kwa mzunguko wa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unabaki nyuma kidogo, na mishipa ile inaweza kukatika. Damu inavuja chini ya utando na kuanza kuubana ubongo. Mtoto anaweza kusimama, akazungumza, akasema yuko sawa, kisha baada ya muda akazidiwa. Ndiyo sababu maneno "mbona alisimama mwenyewe" hayatoshi kumtuliza mzazi.

La hatari zaidi ni kuangushwa mara ya pili siku au wiki hiyo hiyo wakati kichwa hakijapona. Mtoto anasema kichwa kinamuuma tangu juzi, mzazi anadhani anakwepa mazoezi, anampeleka. Nawaombeni kwa dhati, mtoto wa judo akisema kichwa kinamuuma aaminiwe, hata kama kweli siku nyengine huwa mvivu. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwa michezo yote ya kawaida: aliyepata mtikisiko wa ubongo, au anayedhaniwa tu kaupata, atolewe mchezoni pale pale na asirudi siku hiyo. Apumzike saa 24 mpaka 48, kisha arudi kwenye shughuli kidogo kidogo, asirudi kwenye mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa mpaka amekaa siku 14 bila dalili yoyote, na mashindano yasiwe kabla ya siku 21. Mwalimu anayekuambia "mpeleke kesho, atachangamka" haujui mwongozo huo, au anaujua na anaupuuza, na vyote viwili ni sababu ya kutafuta ukumbi mwengine.

Huko Japani mambo yalibadilika kwa kelele za wazazi. Shirikisho lao lilikaza masharti ya walimu, na mwaka 2022 likafuta mashindano ya taifa ya watoto wa skuli za msingi kwa sababu ushindi ulikuwa umetangulizwa mno. Wenyewe wenye mchezo wameona haya kufanya haraka na watoto, sisi tuna haraka ya nini? Ukumbi mzuri utauona: wanaoanza wana wakati wao wa ukemi kila siku ya mazoezi, mieleka ya mwanzo inapigwa uke akiwa kwenye magoti, mikeka haina nafasi katikati wala haitelezi, na mwalimu ana cheti cha chama cha taifa na bima. Kuomba kuviona vyeti hivyo si utovu wa adabu.

KWENYE BARAFU

Wasomaji wetu wa Minnesota, Toronto na Oslo watauliza kama ustadi huu unafaa kwenye barafu. Unafaa, lakini si wote. Kidevu kifuani, ndiyo. Kukunja magoti na kushuka chini unapohisi unateleza, ndiyo, kwa sababu anayeanguka kutoka chini huanguka kidogo. Kujigeuza ubavu, kutoa pumzi na kuuacha mwili ubiringike, ndiyo. Lakini kuipiga lami kwa mkono kama mkeka, hapana, utauvunja. Kwenye sehemu ngumu mkono unaufuata mwili na kulala, haupigi. Na usitembee na mikono mifukoni.

Kwa wazee wetu, huko Nijmegen Uholanzi kuna mafunzo ya kuzuia kuanguka ambayo ndani yake wazee hufundishwa mbinu za kuanguka zilizotoka kwenye michezo hii, na vipimo vilionyesha kwamba kujiviringisha ubavu hupunguza nguvu inayofika kwenye nyonga. Sweden nako walimu wa judo wanawafundisha wazee. Lakini mzee mwenye mifupa dhaifu asijifunze sebuleni kwa kufuata maandishi haya. Atafute mwalimu, na amuulize daktari wake kwanza.

UKISHAONA DALILI

Mtu aliyeanguka na kuumia kichwa, mtoto au mkubwa, apelekwe hospitali mara moja akiwa na lolote katika haya: alizimia hata kwa sekunde chache, kichwa kinazidi kuuma, anatapika zaidi ya mara moja, analala na ni vigumu kumwamsha, anachanganya maneno, anaona viwili, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyengine, mkono au mguu umelegea, amepata mtukutiko kama wa kifafa, au maji meupe yanatoka puani au sikioni. Shingo ikiuma sana au vidole vikifa ganzi, asinyanyuliwe wala asikalishwe, abaki pale pale mpaka waje wenye kazi yao. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarin, aende kuangaliwa hata kama hana dalili. Uingereza piga 999, Marekani na Kanada 911, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Oman 9999.

Ukifika huko watakuuliza kaangukaje na saa ngapi. Usiseme tu "kaanguka". Sema alipigwa mwereka kwenye judo, alitua chali, kisogo kiligonga au hakikugonga, na baada ya hapo alifanya nini. Kama lugha inakupa tabu omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali za serikali Uingereza zinatakiwa kukupatia bila malipo, na usimtumie mtoto aliyeumia akutafsirie. Na hiyo saa iandike kwenye karatasi kwa tarakimu kama inavyosomeka kwenye simu. Mama aliyeshtuka, ambaye kichwani mwake mwanawe kaanguka saa mbili usiku, anaweza kumwambia muuguzi "two" wakati ilikuwa saa 8 za kwao. Hapo daktari anapotezewa saa sita katika hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo anayoitumia kuamua kama mtoto apigwe picha ya kichwa sasa hivi au asubiri.